BIMA YA AFYA: TUZIJUE AINA ZAKE, TUCHAGUE ILIYO HALALI

(Hii ni mada iliyotolewa msikitini baada ya swala ya Alasiri, mbele ya waumini wa Kasulu, Kibondo na vijiji vinavyopakana na Nyarugusu. Tunaichapisha kwa kuwa wengi waliohudhuria wameomba waipate kwa maandishi.)

 



Kila mmoja wetu anaijua hali ifuatayo. Swala ya Ijumaa inamalizika, kabla watu hawajavaa viatu anasimama mtu na kusema kuwa ndugu yetu fulani amelazwa, anahitaji upasuaji na familia yake haina kitu. Kitambaa kinatandikwa mlangoni. Huyu anatoa elfu moja, yule mia tano, na mwenye gunia la maharage nyumbani anaahidi debe. Hili ni jambo jema, na Allah awalipe wanaolifanya. Lakini tujiulize kwa ukweli: ni mara ngapi kitambaa kile kimejaa baada ya mgonjwa kuwa ameshazidiwa? Ni mara ngapi fedha tulizokusanya kwa ajili ya tiba zimenunua sanda?

Nitawapa mfano mmoja. Jirani yangu, mkulima, alikuwa na ngiri kwa miaka. Alipoambiwa ajiunge na mfuko wa bima, alikataa akisema kuwa bima ni haramu kwa sababu ina gharar, yaani unalipa kitu usichojua kama utakipata. Siku ngiri ilipojifunga, alikaa nyumbani siku mbili akitafuta fedha. Hatimaye aliuza maharage yake yakiwa bado maua shambani, kwa nusu ya bei. Alipasuliwa akiwa amechelewa, ikabidi akatwe sehemu ya utumbo. Yu hai, Alhamdulillah, lakini jembe halishiki tena kama zamani.

Sasa tazameni. Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza mazao kabla uzima wake haujadhihirika, hadithi hiyo imepokelewa na Bukhari na Muslim. Ndugu yetu aliikimbia gharar ya kadi, akaiangukia gharar ya shamba. Hakuiangukia kwa ubaya wa moyo, bali kwa kutokujua. Na sisi tunaopanda mimbari tuna sehemu yetu katika kutokujua kule, kwa sababu tumewaambia watu neno moja tu, "bima", kana kwamba bima zote ni kitu kimoja.

Basi leo, kwa idhini ya Allah, tuzieleze aina zake.

JE, KUJIKINGA NI KUKOSA TAWAKKUL?

Wapo wanaosema kuwa mwenye kuweka fedha ya ugonjwa amejitakia ugonjwa, au amemdhania Mola wake vibaya. Kauli hii haina msingi katika dini yetu. Nabii Yusuf (A.S.) alipojua kuwa miaka ya njaa inakuja, hakuwaambia watu wa Misri wakae wakisubiri, aliwaamuru wahifadhi nafaka katika miaka saba ya neema. Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Allah.

Na Sayyidna Umar (R.A.), katika mwaka wa 18 Hijria, alipokuwa njiani kwenda Sham, alipata habari kuwa kuna tauni huko. Aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida (R.A.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kuwa anatoka katika kadari ya Allah na kuingia katika kadari ya Allah. Kwa hiyo kutafuta kinga ni katika tawakkul. Swali linalobaki ni kinga hiyo imejengwa kwa njia gani: ya halali au ya haramu?

WANAZUONI WAMESEMA NINI?

Bima kwa sura yake ya leo haikuwepo zama za Mtume. Mwanachuoni wa Kihanafi, Ibn Abidin, aliyefariki mwaka 1836, ni miongoni mwa wa mwanzo kuijadili, pale wafanyabiashara walipoanza kukatia bima mizigo ya meli. Katika karne ya ishirini mjadala ukawa mkubwa. Sheikh Mustafa al-Zarqa wa Syria, katika mkutano wa fiqhi uliofanyika Damascus mwaka 1961, alitetea kuwa bima inajuzu. Wengi hawakukubaliana naye kuhusu bima ya biashara.

Mwezi wa Desemba 1985, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililo chini ya jumuiya ya OIC lilikutana Jeddah na kupitisha uamuzi unaotegemewa na wengi hadi leo. Baraza lilisema kuwa mkataba wa bima ya biashara, ambao kampuni inauza ahadi ili ipate faida, una gharar kubwa inayoharibu mkataba, na kwa hiyo hauruhusiwi. Lakini likasema kuwa bima ya kushirikiana, inayosimama juu ya kujitolea na kusaidiana, inaruhusiwa. Kabla ya hapo, mwaka 1965, wanazuoni waliokutana Cairo chini ya Al-Azhar walikuwa wameshahalalisha bima ya kushirikiana pamoja na mifuko ya hifadhi ya jamii inayoendeshwa na dola.

Mwaka 2005, Baraza hilo hilo la OIC lilikutana Dubai na kuitazama bima ya afya peke yake. Lilieleza kuwa mtu akifanya mkataba moja kwa moja na hospitali ili imtibu kwa muda fulani kwa malipo maalumu, hilo linajuzu kwa masharti, kwa sababu gharar yake ni ndogo na haja ya tiba ni kubwa. Likarudia kuwa kupitia kampuni ya bima ya Kiislamu inajuzu, na kupitia kampuni ya bima ya biashara haijuzu.

Msingi wa jambo hili ni rahisi kuufahamu. Tunaambiwa katika Suratul Maida, aya ya 2, tusaidiane katika wema na uchamungu. Na Mtume (S.A.W.) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari ambao chakula kilipowapungukia vitani au mjini, walikusanya walichonacho katika nguo moja kisha wakagawana sawa. Alisema kuwa hao ni katika yeye na yeye ni katika wao. Kitambaa chetu cha Ijumaa kinafanana na nguo ile ya Ash'ari. Tofauti ni kwamba wao walikusanya kabla mtu hajafa njaa.

BIMA INAFANYAJE KAZI?

Chukueni mfano. Kaya mia moja zinachangia shilingi 30,000 kila moja kwa mwaka. Jumla ni shilingi 3,000,000. Katika mwaka huo kaya sabini haziuguzi ugonjwa mzito, ishirini zinatumia kidogo, na kumi zinapata ugonjwa wa kugharimu laki mbili kila moja. Mfuko unazibeba zote. Aliyekuwa mzima hakupoteza. Amemtibu nduguye, na mwaka ujao huenda zamu ikawa yake. Lakini wakijiunga wagonjwa peke yao, mfuko unakufa kabla ya mwaka kwisha. Ndiyo maana haifai kungoja homa ndipo ukate kadi.

AINA ZA BIMA ZILIZOPO KWETU

1. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF)

Mfuko huu ulianzishwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Ulianza na watumishi wa umma: walimu, wauguzi na makarani. Mchango wao ni asilimia 6 ya mshahara. Mtumishi anakatwa asilimia 3 na mwajiri anatoa asilimia 3. Kadi inamhudumia mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Baadaye mlango ukafunguliwa kwa wengine: wanafunzi kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, watoto kupitia Toto Afya Kadi, na watu binafsi kwa vifurushi vilivyoanza mwaka 2019. Vifurushi hivi vimebadilishwa zaidi ya mara moja, na kwa mfano mwaka 2023 Toto Afya Kadi ilisimamishwa kwa mtoto mmoja mmoja ikaelekezwa shuleni. Kwa hiyo asije mtu akakuuzia kifurushi cha zamani. Bei na masharti ya leo yanatolewa na ofisi ya Mfuko.

Hukumu yake: huu ni mfuko wa umma wala hauna mwenye hisa anayegawana faida. Kwa mtumishi anayekatwa kwa mujibu wa sheria, hana dhambi kwa kukatwa, na kutibiwa kwa kadi hiyo ni haki yake. Ni kweli kuwa mifuko ya umma huweka baadhi ya fedha katika amana za benki na hati fungani zenye riba. Hilo ni kosa la mpangilio ambalo Waislamu tunapaswa kulisemea kwa hekima, lakini halimfanyi mgonjwa anayetumia haki yake kuwa mla riba.

2. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF)

Huu ndio unaojulikana zaidi na wakulima. Ulijaribiwa kwanza wilayani Igunga mnamo mwaka 1996, miaka michache baada ya Serikali kuanza kutoza ada za matibabu hospitalini mwaka 1993. Sheria yake ikapitishwa mwaka 2001. Kaya ilichangia kiasi kidogo kwa mwaka, na Serikali ikaongeza kiasi kama hicho, utaratibu ulioitwa "tele kwa tele". Mwaka 2018 ulikuja CHF iliyoboreshwa: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, kuandikishwa kijijini kwa simu, na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa kwa rufaa.

Nawajua wengi waliokata kadi hiyo mwaka mmoja wakaacha. Sababu waliyoitoa ni moja: "Kadi ninayo, dawa hakuna." Malalamiko haya ni ya kweli na si haki kuyafunika. Lakini dawa inayokosekana dirishani hailetwi na mtu kujitoa katika mfuko. Inaletwa na wanachama wanaohudhuria mkutano wa kijiji, wanaouliza mapato ya mfuko yamekwenda wapi, na wanaokubali kuchaguliwa katika kamati ya zahanati. Waislamu wangapi hapa wamo katika kamati hizo?

3. Bima ya Afya kwa Wote

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na Rais akaisaini mwezi huo huo. Shabaha yake ni kuwa kila mkazi wa Tanzania Bara awe katika mfuko wa bima, badala ya kuachiwa anayetaka peke yake, na kwamba wasio na uwezo watambuliwe na kuchangiwa. Utekelezaji unakwenda kwa hatua. Kiwango kilichotajwa na Wizara ya Afya kwa kifurushi cha msingi ni shilingi 150,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Hiyo ni shilingi 25,000 kwa kila mtu, au 12,500 kwa mwezi kwa kaya nzima.

Kwa mkulima wa milima yetu, laki moja na nusu kwa mkupuo mmoja ni mzigo. Kwa hiyo kila mwenye kadi ya CHF aende zahanati au kwa mtendaji wa kijiji aulize mambo mawili: kadi yangu inakwisha lini, na katika mpango mpya ninaandikwaje? Na yule ambaye kweli hana kitu ahakikishe jina lake limo katika orodha ya wasio na uwezo inayopitishwa kijijini. Kuona haya kusikufanye ukose haki yako. Na mwenye ng'ombe asijiandike fukara, kwani huo ni uongo unaomnyima fukara wa kweli.

4. Bima za kampuni binafsi

Zipo kampuni kama Jubilee na Strategis, ambazo zaidi huhudumia waajiri na watu wa mijini. Huduma yake huwa pana, na bei yake huwa kubwa. Hizi ndizo zinazoingia moja kwa moja katika uamuzi wa Jeddah. Mwenye uhuru wa kuchagua azikwepe ikiwa anayo njia nyingine ya halali. Aliyeajiriwa na mwajiri akamlipia kama sehemu ya haki zake za kazi, suala lake ni jepesi zaidi, na wanazuoni wengi wamemruhusu atibiwe kwa kiasi cha haki yake.

5. Takaful

Takaful ni bima ya kushirikiana iliyopangwa kwa sheria ya Kiislamu. Mchango unatolewa kwa nia ya tabarru', yaani kujitolea kwa ajili ya wenzako. Fedha za wachangiaji hutengwa na fedha za kampuni, kampuni hupata ujira wa kuendesha tu, ziada hurudi kwa wachangiaji au hubaki mfukoni kwa ajili yao, uwekezaji huepuka riba, na bodi ya wanazuoni hukagua. Sudan walitangulia mwaka 1979. Kenya ilipata kampuni yake ya kwanza ya takaful mwaka 2011. Tanzania, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) ilitoa mwongozo wa takaful mwaka 2022, na Shirika la Bima la Zanzibar nalo limeanzisha huduma hiyo. Kwa vijiji vya Kasulu na Kibondo, takaful ya afya bado iko mbali. Lakini tujue kuwa ipo, tuiulizie, na tuitake ifike.

VITU VINAVYODHANIWA KUWA BIMA

Msamaha wa matibabu si bima. Kwa sera ya Serikali, wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo hutibiwa bila ada katika vituo vya umma. Na tiba ya kifua kikuu, ukoma na Ukimwi hutolewa bure. Msilipie haki hii, na msiidharau. Lakini baba wa miaka arobaini mwenye ngiri hamo katika orodha hiyo.

Fidia ya kazini si bima ya afya. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza mwaka 2015 humhudumia aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi yake ya ajira. Vilevile bima ya pikipiki ni ya ajali ya barabarani. Kijana wa bodaboda asidhani kuwa itamtibu malaria.

Na huduma ya kambini pia si bima. Ndugu zetu kutoka Kongo wamekuwa Nyarugusu tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996, na wengine wengi wakaja kutoka Burundi mwaka 2015. Matibabu yao yamekuwa ya bure, kwa fedha za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na kwa mikono ya Msalaba Mwekundu wa Tanzania. Wanakijiji wa jirani nao wamekuwa wakienda kutibiwa humo. Huu ni msaada, na msaada una mwenyewe. Mwaka 2025 wafadhili wakubwa, Marekani ikiwa mbele, walipunguza sana fedha zao. Mwanakijiji wa Makere aliyekuwa akisema "mimi sihitaji kadi, kambi ipo", ajue kuwa alikuwa ameegemea ukuta wa nyumba ya mtu mwingine.

JIRANI ZETU WAMEFANYAJE?

Waumini waliotoka ng'ambo ya mipaka yetu watatusaidia hapa, kwani jambo hili si geni kwao. Kongo, katika eneo la Bwamanda, hospitali na watu wake walianzisha bima yao mwaka 1986, katika nchi ambayo dola haikuwa na nguvu ya kuwatibu. Wanakijiji walichanga wakati wa mavuno, ambapo fedha ipo mkononi. Burundi ilikuwa na kadi yake ya bima ya ugonjwa tangu mwaka 1984, na mwaka 2006 ikafanya matibabu ya watoto chini ya miaka mitano na uzazi kuwa bure. Rwanda ilianza kujaribu mutuelle katika wilaya chache mwaka 1999, baada ya msiba mkubwa wa 1994, kisha ikaieneza nchi nzima. Na tangu mwaka 2019 wakimbizi wanaoishi mijini huko wameanza kuingizwa humo.

Funzo ni kwamba watu hawa hawakuwa matajiri kuliko sisi. Walijua msimu wa fedha yao. Sisi nasi tunajua maharage yanavunwa lini na kahawa inauzwa lini. Fedha ya kadi itengwe siku ya kuuza mavuno, kabla ya baiskeli mpya na kabla ya karamu.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Kwanza, kadi hii inakubaliwa katika vituo vipi? Kama hospitali iliyo karibu nawe haimo, kadi hiyo itakufaa kidogo. Pili, inalipia nini na nini hailipii? Uliza upasuaji, vipimo, kulazwa, miwani, meno na dawa za sukari na shinikizo la damu. Tatu, inaanza kutumika siku gani tangu kulipa, na kikomo chake ni kiasi gani? Nne, ni watu wangapi, na wa ziada wanaongezwaje? Tano, nikipewa rufaa kwenda Maweni au Bugando, nani analipa? Majibu yatakiwe kwa maandishi, na risiti itunzwe. Allah, katika Suratul Baqara, aya ya 282, ametuamuru tuandikiane tunapokopeshana. Basi tusione vibaya kudai maandishi katika jambo la uhai wetu.

UAMINIFU NA UADILIFU

Yapo mambo mawili ambayo nayasema kwa masikitiko kwa sababu yanatendeka miongoni mwetu.

La kwanza ni kumwazima mtu kadi. Mtu anampa shemeji yake kadi akatibiwe kwa jina lake, na akiulizwa anasema "ni mali ya Serikali". Sivyo. Ni mali ya wachangiaji, wakiwemo wajane na mayatima. Kufanya hivyo ni khiyana. Tena ni hatari, kwani daktari anaandika ugonjwa wa mtu mmoja katika faili la mwingine.

La pili linawahusu wenye wake zaidi ya mmoja. Kadi ina nafasi sita, na nyumba zetu zina watu wengi. Nimekutana na mume aliyeandikisha nyumba ya mke mdogo, akaiacha ya mke mkubwa. Alipoulizwa alisema kuwa nafasi zimejaa. Ndugu yangu, ulipooa mke wa pili, sharti lilikuwa uadilifu, na matumizi ya tiba ni katika matumizi. Nyumba ya pili ina haki ya kuandikishwa kama kaya yake. Kama uwezo haupo kwa zote mbili kwa mwaka huu, kaeni wote mshauriane, wala usiamue peke yako kwa kufuata mapenzi ya moyo.

PENDEKEZO KWA MISIKITI YETU

Ninamalizia na jambo la kutenda. Kila msikiti uandike kaya zake. Tukishazijua, tutazigawa mafungu matatu: wenye kadi, wenye uwezo ambao hawajakata, na wasio na uwezo. Fungu la pili tuwahimize waweke akiba ndogo ndogo kila Ijumaa, kwa mtunza fedha anayeandika na kusoma hesabu hadharani, hadi mchango wa kaya utimie. Fungu la tatu tuwachangie kwa sadaka. Ikiwa msikiti unataka kutumia zaka, fukara apewe fedha ile iwe mali yake, naye kwa hiari yake aikate kadi, ili tutoke katika khitilafu ya wanazuoni wanaoshurutisha kumilikisha.

Kitambaa cha Ijumaa kisiondoke. Yatabaki yale ambayo kadi haiyalipii: nauli ya kwenda Mwanza, chakula cha anayeuguza, shamba lisilopaliliwa. Lakini kisitandikwe tena kwa ajili ya upasuaji ambao kadi ingeulipia.

Yule jirani yangu niliyemtaja mwanzo alinijia wiki iliyopita. Aliniuliza: "Ustadhi, kwa nini hamkunieleza kuwa bima ziko nyingi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Mada hii ya leo ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa. Nisingependa mwingine miongoni mwenu aje kuniuliza swali lile baada ya kuuza maharage yake yakiwa maua.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu wote, wa vijijini na wa kambini, awarehemu waliotutangulia, atujaalie tuchume halali na tusaidiane katika halali, na azifanye nyoyo zetu kuwa na huruma baina yetu. Amin.